Tairi za theluji na minyororo yake: uzoefu wangu baada ya kuzunguka milimani na familia

Ukisema unapeleka familia kwenye milima yenye theluji kila mtu anakuuliza gari yako ni 4WD, yaani inavuta kwa magurudumu yote manne? Mimi nasema uliza kwanza imefungwa tairi gani. Sisi tulienda na gari ya kawaida kabisa, inavuta kwa mbele, ndani mimi, mke wangu, watoto na mama mkwe, tukiwa na tairi nne za theluji na seti ya minyororo ya kuzungushia tairi kwenye buti, na tumepita milima ambayo tulikuta magari makubwa ya 4WD yamelala mtaroni. 4WD inakusaidia kuondoka na kupanda, hapo sibishi, ila ukishakanyaga breki kwenye mteremko haina msaada wowote, kila gari inafunga breki magurudumu yote manne na kinachokushikilia barabarani ni mpira basi.

Na mpira ndio penyewe. Tairi za kawaida zinaanza kukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi hata kama theluji haijaanguka, hizi za baridi zinabaki laini. Halafu ziangalie kwa karibu, kila kashata, yaani kile kipande cha mpira kinachokanyaga barabara, ina mikato myembamba mingi kama imechanjwa na wembe, tairi likikanyaga ile mikato inafunguka na kung'ata theluji. Asubuhi moja kabla hatujaondoka niliinama nikachungulia, mifereji yote imejaa theluji iliyogandamana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwa sababu theluji inashikana na theluji mwenzake vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Ukienda kununua tafuta alama ya mlima wa vilele vitatu wenye ua la theluji katikati. Ile ya M+S (matope na theluji) peke yake isikutoshe, hiyo mtengenezaji anaweza kuiweka kwa ajili ya muundo wa kashata tu, ila ya mlima tairi lazima lijaribiwe kwenye theluji kwanza. Na funga zote nne jamani, kuna watu wanafunga mbili za mbele ili kuokoa hela halafu kwenye kona nyuma inawapita. Kashata zikishashuka chini ya milimita 4 ujue kwenye theluji hapo hakuna kitu, hata kama kwa macho unaliona tairi bado zima.

Ubaya wake upo. Zina kelele kidogo, na lami kavu hali ya hewa ikipata joto zinakuwa laini mno, zinaisha haraka na breki inachukua umbali mrefu zaidi kwa hiyo msimu wa baridi ukiisha zitoe. Na barafu tupu ni habari nyingine kabisa. Kuna daraja tuliingia taratibu tu, barabara kabla yake safi, kufika juu ya daraja usukani ukawa mwepesi ghafla, mke wangu akasema "baba, polepole", nikaachia mafuta bila kugusa breki na gari ikajishika yenyewe upande wa pili. Madaraja yanaganda kabla ya barabara kwa sababu upepo wa baridi unapita juu na chini, hakuna tairi la kukuondolea hilo, ni mwendo tu.

Kitu kingine ni upepo wa tairi. Baridi ikishuka nyuzi 5 au 6 unapoteza karibu psi 1, sisi tuliamka taa ya tairi inawaka kwenye dashibodi na hakuna pancha, tukajaza ikazima.

Sasa minyororo. Kazi inafanya, hilo sina ubishi, kwenye mpando ambao theluji ilikuwa nzito na kibao kinasema bila minyororo hupiti, tulifunga kwenye magurudumu ya mbele maana ndiyo yanayovuta, tukapanda bila kuteleza hata mara moja, mwendo chini ya kilomita 50 kwa saa. Shida ni kuifunga. Ndoano ya upande wa ndani ni ndogo, ukivaa glavu huisikii na ukivua glavu vidole vinakufa ganzi, mama mkwe kanishikia tochi muda wote na theluji inampiga usoni, nilimhurumia sana. Glavu wanazokuwekea kwenye mfuko zinalowa palepale na karatasi ya maelekezo nayo ikilowa inachanika. Nilikuwa nimejifunza kufunga nyumbani kukiwa kukavu, ndio ilinisaidia. Ukishafunga tembea mita chache, simama ukaze tena, maana inalegea, na ukifika kwenye lami tupu itoe hapohapo itakula tairi.

Na hii haihusu tairi ila nawaomba sana wenye watoto, tulikwama kwenye foleni lori limeziba njia na theluji inaendelea kushuka, kabla ya kuacha hita inaunguruma nilishuka nikafukua theluji kwenye bomba la moshi, likiziba ule moshi unarudi ndani na gesi yake ya sumu (carbon monoxide) haina harufu ya kukuamsha.

Tairi nazipa nyota tano kwa tano. Minyororo tatu, na msimu ujao nabadilisha nachukua ya kujikaza yenyewe.