Samli, kimbo au mafuta ya nguruwe? Pima utando kwanza

Idd iliyopita nilipika vileja trei mbili kwa samli ya sokoni Ngamiani, lita nzima ndani ya chupa ya maji, elfu kumi na nane. Vikatoka vyeupe, vinamomonyoka. Shangazi akala kimoja, akanyamaza, ulimi ukawa unatembea kwenye kaakaa. Akaomba chai ya moto. "Mwanangu, humu umetia mshumaa?"

Nusu ya samli ile ilikuwa kimbo, yale mafuta ya mimea yaliyogandishwa.

Tangu hapo naangalia utando tu, yaani mafuta yanayobaki yameshika mdomoni. Rangi na harufu huchezewa. Kinywa kina joto la nyuzi 37 hivi: mafuta yanayoyeyuka chini ya hapo hupotea mdomoni, yanayoyeyuka juu ya hapo hubaki yameganda kwenye kaakaa kama nta. Chapati ya moto haitakwambia, ngoja ipoe. Ukiwa dukani, omba chembe kama harage, iweke ulimini bila kutafuna, hesabu hadi ishirini. Ila nenda asubuhi. Saa nane mchana Tanga hii kila mafuta ni uji, na muuzaji analijua hilo.

Ya kwanza kwangu ni samli ya Tanga Fresh, na upendeleo sifichi, nimekulia kwenye maziwa yao. Samli halisi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, ulimini haimalizi hesabu. Bei yake inauma, basi nunua kopo dogo la vileja na visheti, maharage yasionje.

Ya pili, samli ya kienyeji kutoka Handeni, ile yenye moshi wa kibuyu kwa mbali. Tamu kuliko zote, lakini umjue aliyeyasukasuka maziwa. Usipomjua, rudi kwa shangazi na mshumaa wake.

Jirani yangu wa Moshi kaniuliza, "Shoga, mafuta ya nguruwe je?" Jikoni kwangu hayaingii, ila swali lake ni la haki. Wazungu husifu yale yanayozunguka figo kwa maganda ya pai, kwa kuwa ni magumu na hayana harufu. Kwa kipimo changu hapo ndipo yanapokwama: ya figo huyeyuka kwenye nyuzi 43 hadi 48, ya mgongoni 30 hadi 40. Kwa biskuti za kuliwa zimepoa, nilimwambia aombe ya mgongoni kwenye bucha la kitimoto, ayayeyushe taratibu kwa maji kidogo, ayachuje. Ya tatu hayo, kwa wanaokula.

Mafuta ya nazi yameshakuwa maji kwenye nyuzi 24, kileja hakisimami. Kimbo kaangieni maandazi, yaliwe ya moto.

Kinachonichoma ni vipimo. Kopo la "nusu kilo" limebonyezwa kitako, ukisema unaambiwa una gubu. Maziwa yakipanda, samli inapanda siku hiyohiyo, yakishuka, hawajasikia.

Yule wa Ngamiani nilimrudia na chupa yangu. Akaigeuza juu chini, akanitazama kwa huruma. "Bibie, si imeganda? Sasa ulitaka nini tena?"

Chupa ninayo. Nakaangia mayai.