MV New Victoria: utalii wa majini kwa mfuko wa kawaida

Kwa mtu anayetamani likizo ya melini lakini hana fedha za meli za kifahari za Mediterania, safari ya usiku kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa MV New Victoria Hapa Kazi Tu ni chaguo ninalolipa alama za juu. Meli hii iliyoanza kazi katika Ziwa Victoria miaka ya 1960 ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurejea majini mwaka 2020, ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Mizigo hiyo, kwa maoni yangu, ni nusu ya burudani. Meli inapotia nanga Kemondo kabla ya kufika Bukoba, inafaa kuamka na kuegemea ukingo wa sitaha kutazama wapagazi wakipishana na mikungu ya ndizi begani, huku wachuuzi wakiitana gizani.

Anayetaka usingizi akate tiketi ya chumba cha kulala mapema, kwa kuwa vyumba ni vichache. Daraja la kukaa ni nafuu zaidi, ila linamfaa mwenye mgongo mvumilivu. Sweta ni lazima, maana upepo wa ziwani usiku hauna mzaha, na ziwa likichafuka meli huyumba hasa. Bwawa la kuogelea halipo. Alfajiri, kisiwa cha Musira kinapojitokeza mbele ya Bukoba, sidhani kama kuna abiria atakayeliulizia.