RAM ya kompyuta ya mezani: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujatoa hela ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows. Task Manager ikifunguka, ingia Performance, kisha Memory. Fanya hivyo ukiwa katikati ya kazi zako za kila siku, brauza imejaa na kila kitu kiko wazi. Kompyuta iliyowashwa sasa hivi haina la kukuambia.

Wengi wakiona asilimia 70 hapo huanza kutafuta RAM mpya. Subiri kwanza. Mashine ninayoandikia ina GB 16: "In use" inasoma 9.6, "Available" 6.2, na "Cached" inakaribia 6. Hiyo ya mwisho ni vitu ambavyo Windows imeviweka jirani ikidhani utavihitaji tena. Programu ikiomba nafasi, vinapisha. RAM inayokaa tupu haina faida yoyote. Namba ya kuikodolea macho ni "Committed". Ya kushoto ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zimeahidiwa, ya kulia ni kikomo, yaani RAM pamoja na faili la akiba kwenye diski. Ya kushoto ikizoea kupita RAM uliyonayo, na kila ukibadili dirisha diski inahangaika huku kipanya kikikwama, hapo nunua bila kusita. Wa Linux aandike free -h, asome safu ya "available", aachane na "free".

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninaoupendekeza zaidi.

Namba moja: GB 16, vipande viwili vya 8. Kwa kazi za ofisi, masomo na brauza yenye vichupo vingi, inatosha. Nasisitiza viwili kwa sababu prosesa huvisoma kwa njia mbili sambamba. Kama huna kadi ya picha ya pembeni, utaona tofauti kwenye gemu, maana picha nazo zinakopa kwenye RAM hiyohiyo. Kwenye ubao mama wenye sloti nne za kuchomekea RAM, mara nyingi vinakaa ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, lakini kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho.

Namba mbili: GB 32, yaani 16 mara mbili. Unahariri video, unaendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), au unacheza gemu mpya bila kufunga kitu kingine? Anzia hapa. Ningekuwa naunda kompyuta upya leo, nisingefikiria mara mbili.

Namba tatu: kuongeza kipande kando ya cha zamani. Ni nafuu, ila ni kubahatisha. Vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole, na siku nyingine mashine inakataa kuwaka kabisa. Angalia "Slots used" kwanza kwenye Task Manager; kuna watu wamenunua kumbe sloti zimejaa.

Namba nne: GB 64. Anayeihitaji anajijua.

Mkiani: kipande kimoja cha GB 8. Windows 11 inasema inaanzia GB 4, na kweli itawaka. Kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili.

Ukishachagua, hakiki aina. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, zote zina pini 288, lakini pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo kipande kikigoma kuingia usikilazimishe. RAM ya laptopu ni fupi. Mimi niliwahi kuuziwa moja, muuzaji akiapa kwamba ni ileile, nikagundua nikiwa tayari nimefungua kasha. Zile za seva zilizoandikwa "registered" ziache hata ukizikuta kwa bei ya kutupa, maana ubao mama wa kawaida hauzipokei.

Halafu kuna kasi. Kipande kilichoandikwa 3200 kinaweza kukaa 2133 au 2666 mwaka mzima bila wewe kujua, mpaka uingie BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) na kuwasha XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa juu yake, au EXPO kwenye ubao mama wa prosesa za AMD wenye DDR5. Rudi kwenye dirisha lile la mwanzo, soma "Speed". Ikiwa chini ya ulicholipia, tatizo liko BIOS, usimrudishie muuzaji bado.