Tahadhari kwa madereva wa malori: bakuli la "setilaiti" linaloshika chaneli gari likitembea

Habari za njiani wakuu.

Nimepigwa laki tatu na themanini. Naandika kwa sababu najua tangazo lile bado linazunguka kwenye magrupu yetu. Wengi mmeliona: bakuli jeupe kama hotipoti ya ubwabwa, lina sumaku chini, unalibandika juu ya kabini, na kwenye video TV inaonyesha picha safi huku lori linatembea. Setilaiti otomatiki, halina kifurushi, unalipa mara moja tu. Mimi napiga Dar–Lubumbashi, na foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mnaijua. Siku ya nne pale unaanza kupiga stori na usukani. Nikampigia jamaa anayeliuza.

Alikuja yadi na bodaboda, kijana mpole, kila neno "mkubwa wangu". Akabandika bakuli, akachomeka waya nyuma ya TV yangu pale palipoandikwa ANT, yaani tundu la antena, akawasha. Ndani ya bakuli kukaanza kulia zzzz, kama kuna kitu kinazunguka. "Linatafuta setilaiti hilo, mkubwa wangu." Dakika haikuisha, chaneli sita za nyumbani hizo hapo, picha imenyooka. Nikamtumia hela kwenye simu palepale. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, na wala halikunijia kichwani.

Kupita mizani ya Vigwaza picha ikaanza kukatika vipandevipande. Chalinze kimya. Nikampigia, akasema nitulie, linahama setilaiti. Kufika Morogoro mjini nikatafuta chaneli upya, zikarudi! Nikampigia tena kumwomba radhi kwa maneno niliyomtolea. Mikumi kimya, Iringa nikawa sina hamu tena ya kulishika, na namba yake ikawa haipatikani.

Makambako ndipo nililia. Jamaa alikuwa amenielekeza nichukue umeme wa TV kwenye betri moja, eti kwa sababu TV ni ya volti 12 na lori ni la volti 24. Nikafuata. Asubuhi gari haliwaki. Betri moja imenyonywa usiku kucha, ya pili nzima, na fundi umeme akanieleza kwamba ukiziacha betri mbili zilizoungana zitofautiane chaji hivyo, unaziua zote. Unatakiwa ufunge konveta ya kushusha 24 kuwa 12, basi. Wakati nasubiri gari listuliwe nikamwita fundi dishi wa pale mjini alifungue lile bakuli.

Skrubu nne. Ndani hakuna dishi, hakuna LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Kuna kibao kidogo cha saketi cha kijani chenye waya mbili, yaani antena ndogo ya kawaida ya kushika minara ya ardhini. Kuna mota ya kioo cha pembeni cha gari dogo, ndiyo iliyokuwa ikilia zzzz. Na kuna kipande cha nondo kimegandishwa kwa silikoni ili mzigo uwe mzito mkononi. Utingo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo nilichokuwa naona Dar na Morogoro ni chaneli za mnara wa mjini, ambazo TV yenye kipokezi cha dijitali ndani yake inazishika hata kwa kipande cha waya. Ukiacha mji, umeacha na mnara.

Fundi yule alinifundisha kwa nusu saa mambo ambayo ningeyajua mapema nisingelizwa. Dishi la kweli linaingia kwenye king'amuzi, kwenye tundu lililoandikwa LNB IN. King'amuzi ndicho kinachopandisha umeme kwenye waya uleule, volti 13 au 18, ili LNB ifanye kazi. Mtu akikwepa king'amuzi chako na kuchomeka kwenye ANT ya TV, hiyo siyo setilaiti. Tena setilaiti haipiti kwenye mti wala bati, inataka anga wazi. Na chaneli za kulipia zimefungwa kwa kadi. Hakuna dishi duniani linalozifungua, kwa hiyo hilo la "halina kifurushi" peke yake lilitosha kunistua.

Halafu jamaa alisema linashika Azam na DStv kwa pamoja bila kugeuzwa. Setilaiti ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, ya DStv nyuzi 36. Ukiwa Dar dishi la DStv linakaribia kulala chali, limeinamia kidogo kaskazini magharibi, wakati la Azam linatazama magharibi kabisa. Ukifika Lubumbashi lile la DStv inabidi uligeuzie kaskazini mashariki. Mabakuli ya kweli yanayojigeuza yapo, yana dishi dogo na mota ndani, ila yale yanayoshika gari likitembea bei yake ni kali sana. Na mkipata la mtumba kutoka Marekani msilikimbilie. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya DISH na DIRECTV, kampuni za TV za huko, na setilaiti za kwao, hapa kwetu ni sufuria.

Siku hizi natembea na dishi la sentimita 60 na stendi ya miguu mitatu, nyuma ya kiti. Nikiegesha nalitega kwa kipima mawimbi, dakika kumi. Mvua kubwa ikinyesha linakata, nalisubiri.

Mwenye kutaka kununua bakuli lolote, mwambie muuzaji mkutane mahali pa wazi, uje na king'amuzi chako chenye kifurushi hai, alifungue skrubu mbele yako. Akikataa kulifungua, mwache aende.

Ile video yake niliitazama tena kwa utulivu. Kwenye TV ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kwenye kioo cha mbele cha lori jua linawaka, na kuna mama anauza nyanya barabarani. TV ile ilikuwa inacheza kilichorekodiwa kwenye flashi. Juzi nimeiona tena kwenye grupu lingine, namba mpya, mama wa nyanya yuleyule, na bei ameshusha hadi laki tatu.