Sahani ya Kulungu Kutoka Jingdezhen na Duka Lililoniuzia

Sahani niliyoinunua katika duka moja la vitu vya kale mjini Amsterdam ina upana wa sentimita 21 hivi, na kadi iliyowekwa kando yake ilikuwa na mstari mmoja tu: kauri ya Kichina, enzi ya kaizari Wanli, 1573 hadi 1620. Maelezo hayo hayatoshi hata kidogo, kwa sababu mchoraji wa Jingdezhen, mji wa Uchina uliosifika kwa kauri, hakuchora ili kujaza nafasi. Aliandika dua kwa picha.

Katikati wamesimama kulungu wawili chini ya msonobari. Kulungu kwa Kichina huitwa lu, na neno hilo hutamkwa sawasawa na lile la mshahara wa ofisa wa serikali, kwa hiyo mwenye sahani hii anatakiwa heri ya cheo na riziki. Msonobari, ambao hubaki na kijani chake hata wakati wa baridi kali, humwombea maisha marefu, na matunda ya pichi yaliyochorwa ukingoni yanarudia ombi lilo hilo. Ukingo wenyewe umegawanywa vyumba vyumba, na mgawanyo huo ndio unaoitambulisha aina iitwayo kraak, jina ambalo kwa kawaida huhusishwa na merikebu za Kireno. Shehena ya mojawapo, Santa Catarina, iliyotekwa na Waholanzi mwaka 1603, ilinadiwa katika mji huu huu mwaka uliofuata. Kwangu mimi niliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ambako bakuli za Kichina zilijengewa kwenye makaburi na misikiti ya kale, kuikuta sahani kama hii imeelezwa kwa tarehe peke yake kulinihuzunisha.

Kazi yenyewe ni nzuri mno. Buluu ya kobalti ilipakwa kabla ya chombo kutiwa utando wa kioo na kuchomwa, ndiyo maana miaka 400 haijaichujua. Utando umebanduka kidogo ukingoni, na chini zimeganda chembe za mchanga wa tanuri. Yote mawili ni ya kawaida kwa aina hii na hayakunisumbua.

Kilichonisumbua ni kwamba nilipoigonga kwa ukucha nyumbani, sahani haikutoa mlio mwembamba unaovuma bali sauti butu, na taa ya urujuanimno ikaonyesha kipande cha ukingo kilichogundishwa na kupakwa rangi upya. Muuzaji hakuwa amelitaja jambo hilo wala kuliandika kwenye risiti. Nilipomrudia alikiri bila ubishi na akanirudishia sehemu ya fedha. Naithamini hatua yake, ila anayenunua hapo aigonge sahani kabla ya kulipa, na adai hali ya chombo iandikwe kwenye risiti. Sahani nimebaki nayo, na wale kulungu wawili sijachoka kuwatazama.