Ruzuku ya WD2 kwa misitu ya kale ya England: inacholipia na inachoacha

Huko England, msitu huhesabiwa kuwa wa kale ikiwa mahali pamekuwa na miti mfululizo tangu 1600; Uskoti wanahesabu tangu 1750. WD2, ruzuku ya kuboresha misitu iliyo chini ya Countryside Stewardship, mpango wa serikali wa kuwalipa wenye ardhi watunze mazingira, ililipa pauni 127 kwa hekta kila mwaka kufikia 2024, kwa mkataba wa miaka 5.

Sharti la kwanza ni mpango wa usimamizi wa miaka 10 ulioidhinishwa na Forestry Commission, idara ya serikali ya misitu. Usiudharau: kibali cha kukata miti huombwa humohumo. Bila kibali unaruhusiwa mita 5 za ujazo tu kwa robo mwaka, na zisizozidi 2 ndizo za kuuza.

Ruzuku hii inafaa zaidi pale msitu wa kale ulipojazwa misonobari karne ya 20. Anza kuipunguza kuzunguka mialoni iliyosalia, kidogo kidogo. Ukifyeka yote kwa mkupuo, jua linamwagika chini, vichaka vya miiba vinatanda, na maua ya kivulini yaliyojikongoja miaka yote hiyo yanasongwa. Kasoro ni kwamba kazi hii huchukua miongo, na mkataba unaisha kabla hujafika mbali.

Uzio wa kuzuia kulungu hulipwa kando, tena baada ya kazi kukamilika, kwa hiyo uwe na fedha za kutanguliza. Ukianza kazi kabla ya mkataba, hulipwi. Wavu ubanwe ardhini, la sivyo muntjac, kulungu mdogo kuliko wote wa England, atapenya chini yake.

Kwa upande wa njia za wageni, WD2 ni dhaifu. Hailazimishi kufungua msitu wala hailipii njia. EWCO, ruzuku nyingine ya kupanda misitu England, inaongeza fedha kwa kukaribisha umma, ila ni kwa misitu mipya! Na msitu wa kale ndio unaoumia: majani ya bluebell, ua la buluu la misituni, yakikanyagwa masika, kitunguu chake kinakosa chakula cha mwaka unaofuata. Njia ikiwa na tope watu huzunguka dimbwi, ikapanuka. Inyanyue kwa kokoto bila kuchimba, hasa karibu na miti mikongwe: mizizi huachiwa nafasi mara 15 ya kipenyo cha shina, yaani mti wenye shina la kipenyo cha mita 1 unataka mita 15 kila upande. Kokoto za chokaa usiweke kwenye udongo wenye asidi. Mvua huzisambaza kando, mimea ya asili ikapoteza nafasi.