Jarida la siku nne: kuingia nilipe, kutoka nilipe

Siku ya nne tu baada ya kulitumia jarida hili makala yangu ya mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa, jibu likanikuta kwenye feri ya Likoni: imekubaliwa! Nikampigia mama kabla sijashuka. Barua iliniita Profesa. Mimi naandika tasnifu ya uzamili, lakini siku ile sikuona tatizo.

Maoni ya wahakiki, wale wataalamu wa kuipima makala kabla haijachapishwa? Wa kwanza: "kazi nzuri." Wa pili: "rekebisha Kiingereza." Basi.

Nikalipa ada kwa dola, pesa ya kuazima. Makala ikatoka. Naifungua, Jedwali la 2 na la 3 ni lile lile moja! Kosa langu, nilibandika mara mbili usiku nasinzia. Jedwali la michu, aina mojawapo ya mikoko, halimo kabisa. Ndani nimeandika "kama Jedwali la 3 linavyoonyesha", na halionyeshi chochote. Hao wahakiki, kama ni watu kweli, walisoma nini?

Nikaomba kurekebisha. Kimya, wiki na wiki. Nikaomba kuiondoa, hapo wakajibu ndani ya saa moja: kuondoa makala kuna ada. Jamani! Hata makanga wa matatu ya Bamburi hakudai nauli ya kushuka.

Ndipo nikaanza kuchunguza, nimeshaliwa. Nembo ya DOAJ, saraka ya majarida huria yaliyokaguliwa, wameibandika pale chini ya tovuti yao, lakini ukilitafuta jarida kwenye saraka yenyewe ya DOAJ halipo. Dakika mbili tu, ningefanya mapema. Alama ya athari wanayojivunia, ile ya kuonyesha makala za jarida hunukuliwa kiasi gani, haikutoka Clarivate, kampuni inayoitoa ile halisi. Namba ya ISSN wanayo, naam, ila hiyo hutambulisha jarida tu, haisemi kama kuna anayesoma makala.

Msimamizi wangu anasema majarida huria, haya ambayo msomaji halipi kitu, yote ni maduka. Hapo simwungi mkono. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alituma makala ya uongo, yenye makosa ya wazi, kwa majarida huria 304, na 157 yakaikubali. Aibu kubwa. Lakini PLOS ONE, nalo huria na nalo hulipisha, liliikataa. Kwa hiyo shida si huria. Shida ni hawa. Na haraka yangu pia, haya, nakubali.

Tena nusura niwasamehe. Mzee mmoja wa kikundi chetu cha kupanda mikoko, karani mstaafu, aliipakua makala kwenye simu bila kulipa senti, akaisoma yote. Akanipigia: "Mwanangu, michu yetu umeipeleka wapi?"

Mhakiki wa kwanza wa kweli niliyempata, na hakunidai kitu.

Nawapa nyota moja kwa sababu yake. Hapana, hata hiyo naiondoa sasa hivi, kabla hawajaitoza ada.